Nguzo za Masale

Kilema, Moshi
3 Machi 1996

Mwanangu Hilda,

Pokea salamu za huku mlimani. Sisi tunapumua, ng'ombe wanapumua, hata mlima wenyewe leo asubuhi ulijifunua shuka ukatuangalia. Mama yako yupo. Mlango wake na wangu ni mwendo wa kuazimana chumvi, kwa hiyo siku akikohoa ujue mimi nimesikia kabla hajamaliza.

Shida yangu ni moja. Nataka miti ya zabibu. Huko Dodoma unakofundisha nasikia watu wanaipanda kama sisi tunavyopanda migomba. Omba pingili kwa jirani yako, zifunge kwenye gunia bichi, mpe kondakta wa basi la Moshi, mwambie ni za Wenseslaus wa Kilema. Akiuliza Wenseslaus yupi, huyo bado mgeni wa njia, tafuta mwingine.

Usidhani nabahatisha. Zabibu nazijua tangu nilipokuwa msaidizi wa jikoni kwa mapadri, wewe hujazaliwa. Nyuma ya jiko kulikuwa na mzabibu nilioulea kwa mikono hii. Ulipanda ukuta, ukapanda paa, ukafika mnarani ukashika kamba ya kengele. Upepo ukivuma, kengele inalia. Wazee walikuwa wanavaa viatu vya misa hata Jumanne, mpaka padri akaleta msumeno. Ukitaka mashahidi, wote wamefariki, lakini walifariki wakiyajua hayo.

Kahawa siku hizi bei yake inapanda na kushuka kama homa ya malaria. Nitakuwa mtu wa kwanza Kilema kukamulia Kanisa divai yake mwenyewe. Niandikie na namna ya kupanda, si kwamba sijui, nataka kulinganisha tu.

Baba yako mdogo,
Wenseslaus

*

Dodoma
24 Machi 1996

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua imefika na ofisi nzima ya walimu imesikia habari za kengele. Mwalimu mkuu anauliza huo msumeno uko wapi siku hizi.

Pingili nimempa kondakta, mnene, ana kofia ya kijani. Tafadhali soma haya yanayofuata mpaka mwisho. Kila pingili ina macho. Macho matatu yaingie ardhini, mawili yabaki juu, yakitazama juu. Usizigeuze. Mzabibu unataka jua kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo usipande chini ya migomba. Maji kidogo, ardhi isituame. Samadi kidogo sana, na iwe ya zamani. Zikishapata mizizi utahitaji nguzo na waya za kuzipandisha.

Sasa la pili, na hili ndilo linaloninyima raha. Mama akiniandikia ni mistari mitatu: hajambo, mvua inanyesha, nisali. Tangu tumzike baba sijapata barua yake yenye habari ndani. Wewe unayemwona kila siku, niambie ukweli. Anakula? Anatoka nje? Kama kukaa pale peke yake kunamchosha, hapa nina chumba cha pili. Lakini sitaki kumng'oa kwenye kihamba chake, shamba alimozikwa baba, kama bado kina raha kwake.

Msalimie Mama Mdogo Salvina.

Wako,
Hilda

*

Kilema
28 Aprili 1996

Mwanangu Hilda,

Pingili zimefika zikiwa na afya kuliko kondakta mwenyewe.

Maelekezo yako nimeyasoma yote, tena kwa sauti, mama yako mdogo akisikiliza. Nimeyaboresha. Mwalimu wako wa zabibu anajua mchanga wa Dodoma, mimi najua udongo wa Kilema. Hapa kitu chochote kisicholelewa na mgomba ni yatima. Kahawa iko chini ya mgomba, maharage chini ya mgomba, magimbi chini ya mgomba, mimi mwenyewe nilizaliwa chini ya mgomba kwa kuwa mvua ilimkuta bibi yako shambani. Basi nimezipanda pale kwenye migomba mikubwa ya ndizi za pombe ya mbege, nikazitilia samadi ya ng'ombe wawili, na zamu yetu ya maji ya mfongo ilipofika nikafungua mfereji wote ukapita miguuni mwao. Mvua nayo ya masika ikaja kunisaidia.

Zimeshatoa majani. Juzi nilisimama hapo nikasikia moja inakua. Inafanya kriii, kama mlango wa sakristia.

Mama yako anakula. Anatoka nje vilevile. Mwaka kesho usinunue zabibu huko, nitakutumia.

Baba yako mdogo,
Wenseslaus

*

Dodoma
19 Mei 1996

Baba Mdogo, shikamoo.

Hayo majani ni chakula kilichokuwa ndani ya kijiti. Si dalili ya mizizi. Kijiti kinakula akiba yake na chini kimekaa kwenye matope. Nimemsomea jirani yangu barua yako, akaomba nirudie pale pa mfongo, kisha akavua kofia kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Ukiona majani yananyauka, tuandae nyingine baada ya mavuno ya Agosti. Safari hii zianze kwenye makopo ya mafuta yaliyotobolewa chini.

Hukunijibu habari za mama. "Anakula, anatoka nje" hata kuku unaweza kumwandikia hivyo.

Wako,
Hilda

*

Kilema
22 Septemba 1996

Mwanangu Hilda,

Zile za kwanza zilipumzika. Sisemi zilikufa, kwa sababu nilipozing'oa zilikuwa laini na zina harufu ya mbege ya siku ya tatu, jambo linaloonyesha zilishaanza kuwa divai zenyewe kabla ya wakati. Kosa lao lilikuwa haraka.

Za pili ulizotuma ziko kwenye makopo, nyuma ya nyumba yangu, zina mizizi myeupe kama ndevu za mzee wetu wa ukoo, Meku Ildefonce. Sitaki utani tena. Nimeng'oa kahawa kuukuu ile ya kati, baina ya nyumba yangu na ya mama yako, pale jua linapopiga tangu asubuhi. Usimwambie mtu.

Sasa sikiliza akili ya mtu wa darasa la nne. Umesema nguzo. Nguzo za mbao hapa ni chakula cha mchwa. Za chuma ni za watu wenye maduka mjini. Nikakaa, nikajiuliza: ni mti gani hauozi, hauliwi na mchwa, hauli mbolea, ukiuchomeka tu unashika? Masale! Nimepanda masale katika mstari mmoja ulionyooka kama risasi, kuanzia njia ya juu mpaka mfongo wa chini. Yakishika vizuri nitafunga waya, mizabibu nitaipanda kando yake mvua za vuli zikianza. Nguzo zinazoota, Hilda. Huko Dodoma hawajawaza hilo.

Nilifanya kazi hiyo Jumapili moja mama yako akiwa misa ya kwanza, nikataka akirudi ashangae. Alishangaa kweli, akaingia ndani moja kwa moja.

Baba yako mdogo,
Wenseslaus

*

Kilema
6 Oktoba 1996

Hilda mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo nina habari, na si nzuri.

Baba yako mdogo amepanda masale kukata kihamba. Kutoka njiani mpaka kwenye mfongo. Hakuita wazee wa ukoo, hakuniita mimi. Alingoja niende misa. Niliporudi nikamkuta anajifuta jasho, ananicheka, ananiuliza, "Unaonaje, shemeji?" Nimeolewa hapa nikiwa na miaka kumi na minane. Sale likishapandwa mpakani halina mjadala, hata mtoto anajua.

Mpaka wake umepita upande wangu wa kaburi. Baba yako amebaki kwake.

Sikumwuliza kitu. Mtu akikuambia uondoke kwa mdomo unaweza kumjibu, lakini huyu amenena kwa masale. Sasa ninapokwenda kuchota maji ninazunguka njia ya juu, sivuki. Kaburini sijakwenda.

Usimwandikie lolote juu ya hili. Sitaki ionekane nimeomba. Likizo ya Desemba njoo unichukue. Ile meza ya baba yako ndiyo tu nitakayobeba.

Mama yako,
Kornelia

*

Dodoma
20 Oktoba 1996

Baba Mdogo, shikamoo.

Nimepata habari za masale.

Desemba nitakuja kumchukua mama aje kukaa kwangu. Naomba msaada wa watu wawili wa kubeba meza mpaka barabarani.

Nawatakia kazi njema.

Hilda

*

Kilema
10 Novemba 1996

Mwanangu Hilda,

Barua yako fupi nimeipata. Najua walimu mnakuwa na mitihani. Nafurahi kwamba habari za masale zimekufikia, naona zinasafiri. Mizabibu nimeitoa kwenye makopo nikaipanda kandokando ya nguzo, haijalalamika.

Kumchukua mama yako ni jambo jema, akaone nchi. Ila arudi kabla ya masika, kazi ya kuzipandisha zabibu inataka mikono ya mtu mtulivu. Na meza ya nini? Dodoma hakuna meza?

Nikuambie pia, mama yako siku hizi ana mambo. Ule mtori wa ndizi aliokuwa ananiletea Jumamosi umekatika. Kwenda mfongoni anazunguka juu kwa Meku Ildefonce, mzigo kichwani, wakati njia iko hapa. Nikamwita, "Mama Hilda, unazunguka nini?" Akasema, "Mipaka ni mipaka, shemeji." Nikacheka, nikadhani utani.

Hapa niliweka kalamu chini. Nilikuwa namsomea mama yako mdogo barua hii, yeye anasugua sufuria. Nilipofika hapo pa mipaka akaacha kusugua.

"Wenseslaus. Umepanda nini pale?"

"Nguzo."

"Nguzo za nini?"

"Za masale, si unaziona?"

"Sema tena. Polepole."

Nikasema tena polepole. Hilda, lile neno nililitoa mdomoni likanirudia sikioni kama la mtu mwingine.

"Nilidhani mmekaa na wazee mkagawana," Salvina akasema. "Mambo ya ukoo wenu mlishaniambia mimi ni mtu wa Uru, si wa hapa. Nikasema moyoni, huyu mwanaume ana moyo mgumu, amemzuia mjane hata kaburi asilifikie. Nimekupikia miezi miwili nikikuogopa."

Sijawahi kuogopwa na Salvina. Haikunifurahisha.

17 Novemba

Naendelea na barua ileile, sikuweza kuituma.

Nilikata jani la sale, nikalifunga fundo kama alivyonifundisha babu yako, nikaenda kwa mama yako. Nilibisha hodi, nikaliweka mikononi mwake, sikusema hadithi yoyote. Mtu akiletewa sale la kuombwa msamaha hawezi kukataa, naye hakukataa. Alilipokea kwa mikono miwili. Nikamweleza: nguzo, mchwa, waya, zabibu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, shemeji," akasema. "Lakini hili ni jani moja. Yale mengine bado yamesimama pale."

Nikamwambia kesho nayang'oa yote. Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi. Nikakimbilia kwa Meku Ildefonce. Mzee akasema nilivyojua atasema: sale lililopandwa na kushika haling'olewi. Anayeling'oa anaita mabaya juu ya nyumba mbili. "Ulipanda nini moyoni sijui," akasema. "Ardhi imeona masale."

Nilimpiga simba kofi mwaka ule wa njaa, unaikumbuka habari hiyo. Hapa sina kofi. Mama yako anasema Desemba anakwenda. Hana hasira tena, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu mtu mwenye hasira ungembembeleza. Anasema hawezi kuvuka mpaka kila siku akijifanya hauoni.

Watu wa kubeba meza nitakuwa mimi.

Wenseslaus

*

Kilema
26 Januari 1997

Shemeji Kornelia,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako. Miaka yote tulikuwa tunapigiana kelele dirishani.

Nyumba yako iko salama. Salvina anafagia, mimi nawasha moto jikoni ili paa lisahau kuoza. Kaburini nimepalilia. Watu wanaponiuliza uko wapi nawaambia umealikwa Dodoma na serikali kushauri juu ya maharage. Wameamini isipokuwa wawili.

Mizabibu imeshika. Haikukua kama ile ya mapadri. Ina urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, na inajishikiza kwenye masale kwa vile vikono vyake vidogo, imezunguka, imekaza. Hilda ananiandikia nichague tawi moja kila mche, mengine nikate. Nimesimama na kisu mara nyingi. Mimi ni mchinjaji wa Kilema nzima kila Krismasi, lakini kukata kitu kinachopanda, mkono umegoma. Salvina anasema nipishe akate yeye, nikamwambia hapana, ngoja.

Hilda nilimwandikia kwamba zabibu ni za divai ya misa. Uongo. Krismasi ya mwaka juzi alileta zabibu kwenye boksi la viatu. Kaka alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Ulikuwa husemi na mtu. Ukala zile zabibu, mbegu ukazitunza kwenye kona ya leso, ukaniuliza, "Shemeji, hizi zinaweza kuota hapa?" Nami nikajibu kabla sijafikiri, kama kawaida yangu: "Zitaota, tena zitazidi za Dodoma." Ukatabasamu. Ulinipa zile mbegu. Nikazipanda kwenye kopo, hazikuota hata moja. Sikukuambia. Sasa mtu akishasema zitaota, na mwenzie ametabasamu, afanye nini?

Sikuandiki ili urudi. Nakuandikia kwamba zimeota.

Shemeji yako,
Wenseslaus

*

Dodoma
16 Februari 1997

Shemeji Wenseslaus,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua nilisoma mwenyewe, kisha Hilda akasoma, kisha nikamnyang'anya.

Yale matawi mengine kata. Jirani wa hapa amenifundisha, wiki nzima nimekuwa shambani kwake. Ukikata yanatoa machozi kidogo pale penye kidonda, siku mbili tatu, kisha yanaendelea. Usiyafunge kitambaa, nakujua.

Dodoma ni kuzuri na chumba cha Hilda kina dirisha kubwa. Lakini kuna vumbi, na ndizi wanazouza sokoni sijui zilimkosea nani. Mwanangu ananipenda. Anaondoka asubuhi, anarudi jioni, mimi nakaa na meza.

Kwa huyu jirani nimeona kitu. Zabibu zake nyingi ziko kwenye waya, lakini mbele ya nyumba ana chanja: nguzo mstari mmoja huku, mstari mwingine kule, fito zimelazwa juu, mizabibu imepanda pande zote mbili ikakutana katikati. Chini yake watu wanakaa, wanachambua mboga. Nimekaa hapo siku nyingi nikiwaza masale yako.

Mstari mmoja wa masale kila mtu anaujua ni nini. Mistari miwili inayobeba paa, sijasikia mzee aliyewahi kuipa jina. Kamuulize Meku Ildefonce kama kuna mwiko wa kuongeza masale mengine. Kung'oa amekataza. Kupanda hajakataza mtu.

Akikubali, mstari wa pili nitaupanda mimi kwa mkono wangu. Na pa kuupitisha nitachagua mimi. Utapita ng'ambo ya kaburi, upande wako, ili Baba Hilda awe katikati. Ukipunguza eneo lako la magimbi utanisamehe.

Kornelia

*

Kilema
23 Machi 1997

Mwanangu Hilda,

Mama yako alifika salama na ile meza, na gunia la pingili nyekundu ambazo kondakta alitaka kuzilipisha nauli.

Meku Ildefonce tulimpelekea mbege. Alikunywa kwanza, akafikiri baadaye, ndiyo desturi. Akauliza, "Mistari miwili, na juu fito?" Nikamjibu ndiyo. "Na kaburi ndani?" Ndiyo. Akafumba macho, mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema hajawahi kusikia mpaka wenye dari. Akasema pia kwamba zikizaa asisahauliwe. Nikamshukuru: "Haika, mzee."

Sasa huku kijijini nimeshawaeleza kwamba tangu mwanzo mpango wangu ulikuwa mistari miwili, ila niliutoa kwa awamu, kama barabara za serikali. Mama yako alikuwepo nikisema. Hakunikanusha. Alisema tu, "Endelea, shemeji, nami nisikie ilivyokuwa."

Matawi yale tumekata wote wawili. Mimi nilishika, yeye akakata. Zabibu bado, na sikutajii mwezi. Kwenye mche mmoja Salvina ameona kitu kama kichala, kidogo kuliko kidole gumba. Anasema ni ua, mama yako anasema ni kikono tu. Mimi nimekaa kimya, jambo ambalo limewashangaza wote.

Mvua imeanza vizuri na masale yanataka kuingia leo udongo ukiwa laini. Mama yako amevua viatu, amevuka ule mstari wangu wa kwanza bila kuzunguka, amesimama ng'ambo ya kaburi na jembe. Chumba chako cha pili mpe mwalimu mwingine.

Ningeandika zaidi lakini ananiita niende nishike ncha ya kamba. Anasema ule mstari wangu niliosema umenyooka kama risasi umepinda, na wake hautapinda.

Baba yako mdogo,
Wenseslaus